Kahawa na Kidonge cha Usiku

Jumamosi, 1 Juni 2019

Bwana shamba ametugawia madaftari. Anataka kila mkulima aandike habari za msimu: siku ya kuchuma, mvua, wadudu, dawa iliyopulizwa. Wenzangu walicheka, wakayaacha palepale mezani. Mimi nilichukua moja, maana napenda kuandika, na tangu Anjela afariki jioni zangu ni ndefu. Mke wangu alikuwa mtu wa maneno. Akisimulia jambo, alikuwa akisimama katikati na kuniuliza, "Nimesema nini?" Nisipojua, anaanza upya toka mwanzo. Nilikuwa nikichoka sana. Sasa ningelipa nichoshwe hivyo.

Basi, habari za msimu. Leo tumechuma mibuni ya bondeni. Mbivu ni chache. Zita, binti yangu, ana miaka kumi na kapu lake mwenyewe. Anachagua matunda kama anayenunua sokoni, na akipata jekundu kuliko mengine anakuja kunionyesha kwanza.

Jumanne, 4 Juni

Ukungu. Hatukuchuma.

Jumapili, 9 Juni

Zita halali vizuri. Asubuhi anaamka na macho mazito, anashika ukuta akienda uani kunawa. Leo nimemuuliza, akasema anaota watu. Watu gani? "Wale wanaosimama."

Niandike wazi, maana humu hakuna wa kuficha: mimi na Zita tunaishi na virusi. Mimi nilianza dawa mwaka 2012, yeye tangu akiwa mchanga. Anajua anachomeza na kwa nini, nesi alimweleza pole pole, akamwambia dawa ni askari wa mwili. Mwezi wa tano alibadilishiwa dawa yake ya zamani, akaanza kidonge cha usiku, ndugu wa hiki changu. Alifurahi sana kuwa tunameza pamoja kabla ya kulala, kikombe kimoja cha maji, yeye kwanza.

Na hili nalo niliandike. Mimi pia huwa naota. Anjela huja, hukaa ukingoni mwa kitanda, huniangalia. Hasemi kitu. Miaka minne sasa anakuja hivyo. Asubuhi kichwa kinazunguka kidogo, lakini naamka kama mtu aliyetembelewa. Sijamwambia padri wala dada yangu. Ni kitu changu.

Jumatano, 12 Juni

Dada Tadea amefika kutoka Kitai kusaidia mavuno. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada hakungoja hata ya pili. Alifika, akavua viatu vya safari, akaingia jikoni, akatupanga sote upya. Amemtazama Zita kwa muda mrefu. "Mtoto amekonda hivi na dawa kali namna hiyo? Dawa kali haipelekwi kwenye tumbo kavu." Jioni amempikia mboga ya karanga nzito, na parachichi zima juu yake, na baada ya hapo kipande cha nguruwe chenye mafuta. Zita amekula vyote. Nimefurahi kumwona anakula.

Ijumaa, 14 Juni

Tumechuma vizuri. Tumekoboa hadi mikono ikanuka. Zita ameamka analia.

Jumanne, 18 Juni

Siku mbaya. Tulikuwa kwenye mashine ya kukobolea, mimi nazungusha, Zita anamimina matunda. Ghafla aliachia kapu, matunda yakamwagika kwenye matope, akanishika mguu. Alisema watu wanaosimama sasa wako mchana, kule kati ya mibuni. Nilitazama. Kulikuwa na mibuni tu na ukungu ukipanda kutoka bondeni. Zita alificha uso kwenye suruali yangu. Akasema anaona afadhali alale asiamke. Mtoto wa miaka kumi.

Nilimbeba hadi nyumbani. Hajabebwa tangu aanze shule na ameshakuwa mzito, na miguu yake mirefu ilikuwa inanigonga magotini. Nilimwambia sitamwacha. Alinijibu, "Wewe uko huku. Wao wako humu," akagusa paji la uso.

Dada Tadea amemwongezea chakula. Anapika kwa machozi. Anachemsha maziwa, anatia karanga zilizosagwa, anamshikia kikombe mpaka kiishe ndipo ampe kidonge. Nilimpenda dada yangu jioni hii kuliko siku zote, ingawa ana mdomo.

Jumapili, 23 Juni

Tulikula sengu kwa kaka mkubwa, Kilian. Huku kwetu Umatengo jambo likimzidi mtu halikai nyumbani kwake peke yake. Kila nyumba inaleta chungu chake, ukoo unakula pamoja, ndipo unasema. Tulikula, tukanawa, kaka akaanza.

"Tumesikia habari ya mtoto. Watu wanaosimama ni watu wa mama yake. Marehemu amezikwa Kihagara, ziwani kwao, na kaburi lake hadi leo ni udongo mtupu. Anamwita binti yake aje ashuhudie aibu hiyo. Mavuno yakiisha, lijengewe."

Wote waliitikia. Mimi niliitikia pia, na moyoni nilitetemeka kwa furaha ya ajabu ambayo naona haya kuiandika. Kama Anjela anamwita Zita, basi ni kweli huwa anakuja na kwangu.

Dada Tadea peke yake ndiye aliyesema, "Kaburi lijengwe, sawa. Na hospitali je?" Kaka akamjibu kuwa hospitali haina dawa ya ndoto.

Alhamisi, 27 Juni

Tulikwenda kliniki. Daktari ni mgeni, Dokta Sekela, binti wa Mbeya, ameletwa na serikali mwaka huu. Ana sauti ya chini na hana haraka. Alizungumza na Zita kwanza, si na mimi, akamwomba achore hao watu. Zita alichora miti.

Kisha akanigeukia. "Baba Zita, nyumbani nani mwingine anatumia kidonge cha namna hii?"

"Mimi, Daktari."

"Kinakusumbua? Ndoto nzito, kizunguzungu, huzuni isiyo na sababu?"

Nikasema hapana. Nikasema nalala kama gogo.

Ulimi ulinitangulia. Niliona Anjela ukingoni mwa kitanda, na nikaona mkono wa daktari ukimwandika kwenye faili na kumfuta.

Daktari alirudi kwenye faili la Zita. Alisema kidonge hiki huwaletea watu wengine ndoto na hofu, na mara nyingine hali hiyo hufuata familia. Lakini kama mimi baba mtu sina shida, na mtoto amefiwa na mama, huenda ni majonzi yanayotoka sasa; na dawa za watoto hazibadilishwi ovyo, maana si nyingi. Akauliza anameza baada ya kula nini. Nilipomtajia mapishi ya Dada Tadea alishika kichwa, kisha akacheka kwa upole. Kumbe mafuta hukipandisha kidonge hiki kwenye damu. Chakula chote kile cha upendo kilikuwa kinampigia Zita ngoma kichwani.

"Ameze tumbo likiwa halina mafuta. Mrudishe baada ya wiki mbili, au kesho asubuhi akizidiwa. Ila asiache dawa, baba. Hilo nakuomba sana."

Nilipomweleza Dada Tadea alikaa chini kwenye kizingiti cha jiko. "Kwa hiyo nilikuwa namlisha nini mtoto wa watu?" Nilimwambia ulimlisha upendo, dada. Akasema upendo gani una mafuta hivyo, na tukacheka wote wawili ingawa hakuna aliyekuwa na furaha.

Jumapili, 30 Juni

Nafuu. Analia, lakini si sana. Kahawa inakauka vizuri vichanjani. Anjela alikuja.

Ijumaa, 5 Julai

Leo jua lilitoka asubuhi. Nilifunua nailoni, nikaanza kugeuza kahawa kwenye kichanja na kuchambua mbovu. Vidole vinaijua punje kabla ya macho. Vikagusa kitu ambacho si punje. Kilikuwa cha njano kama kahawa yenyewe, kimevimba, kimelainika pembeni. Nilidhani ni mbegu ya kitu. Nikakigeuza. Kidonge.

Nilitafuta kichanja chote kwa mikono miwili, nikapata vingine, vimefukiwa vizuri chini ya kahawa, kila kimoja mahali pake. Nikakaa chini ya kichanja.

Zita alitoka jikoni na kikombe cha uji, akaniona, akaona kiganja changu. Hakukimbia. Alikuja akakaa karibu yangu.

Nikamuuliza, "Mama, kwa nini?" Huwa namwita mama nikimbembeleza, na nikiogopa pia.

"Tangu kliniki navificha chini ya ulimi. Kidonge ndicho kinachowaleta wale watu. Nikikimeza wanakuja, nisipokimeza hawaji."

"Kwa nini kwenye kahawa? Si ungetupa chooni?"

Aliniona mjinga. "Ningewatupa chooni wangetoka. Kahawa inapandishwa kwenye lori, inaenda Mbinga, halafu inaenda Ulaya. Nilitaka waende na lori."

Sikujua nicheke au nilie. Nililia. Yeye alinifuta kwa sketi yake, akasema, "Usilie baba, bado hawajaenda mbali."

Sijawahi kumpiga na sikumpiga. Nilimwambia askari wa mwili wake sasa wamelala wote, na adui hajalala. Nilimwambia mama yake aliacha dawa na ndiyo maana hatunaye. Sikuwahi kumwambia hivyo kabla. Akauliza, "Mama naye walikuwa wanamjia?" Nikasema sijui. Na kweli sikujua. Anjela aliacha dawa akiwa kwao ziwani, hakunieleza sababu, na mimi nimekuwa na hasira naye chinichini miaka yote, nikidhani alituchoka.

Jumapili, 7 Julai

Mama mkwe amefika. Kila mwaka msimu huu hupanda kutoka Kihagara na usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwao, anashuka na maharage. Bibi Vitalia si mtu wa kunipenda, au ndivyo nilivyoamini. Tangu msiba hatujasemezana zaidi ya shikamoo na marahaba. Leo nilimwamkia, akaingia jikoni kwa Tadea na Zita, mimi nikabaki nje kunoa panga. Mkwe na mkwe hatukai uso kwa uso. Ukuta wa jiko ni wa miti na udongo uliopasuka, maneno yanapita vizuri.

Alikwisha sikia yote kutoka kwa Zita. Akaniita kutoka ndani.

"Baba Zita."

"Naam, mama."

"Kuna neno nimekaa nalo. Anjela alipokuja kwangu mara ile ya mwisho alisema kidonge kinamletea watu. Alisema wanasimama tu. Mimi nikamwambia, mwanangu, basi kipumzishe kidogo, kula samaki, upate nguvu, utaanza tena. Akakipumzisha. Hakuanza tena. Kila nikikuona nasema leo nitamwambia. Halafu nasema, ataniona mimi ndiye niliyemzika."

Kumbe uzito wote ule aliokuwa ananitazama nao ulikuwa woga. Nilitaka kuingia nimshike mkono, lakini hilo haliwezekani kwetu. Nikaweka panga chini, nikaegemea ukuta upande wangu.

"Mama, hukujua. Hata mimi sikujua. Aliogopa kutusumbua."

"Alikuwa anasema kila kitu, yule," akasema. "Hilo moja tu akalimeza."

Nilitoka nikaenda kwenye mibuni. Niliwaza damu ya Zita. Niliwaza jibu langu kwa daktari. Mficha maradhi kilio humfichua, na hapa kilio kingekuwa cha mtoto.

Jumatatu, 8 Julai

Shule zimefunguliwa, Zita hakwenda. Tulikuwa wa kwanza kliniki. Nilitoa vile vidonge, nikaviweka mezani kwa Dokta Sekela, nikasimulia habari ya lori. Hakumgombeza Zita. Alimwambia, "Umefanya vizuri kumwambia baba," akamwomba akakae na nesi.

Nikasema, "Daktari, mimi silali kama gogo."

Nikamwambia yote: ndoto za mito na nyoka nilipoanza dawa, kizunguzungu, majonzi ya asubuhi nyingine, Anjela ukingoni mwa kitanda. Nikamwambia na neno la mama mkwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuandika kitu.

Alinieleza hivi. Ini ndilo linalovunja dawa. Kuna watu ambao ini lao hukivunja kidonge hiki polepole mno. Cha jana hakijaisha na cha leo kinaingia juu yake. Nikafikiria mashine ya kukobolea iliyokazwa kupita kiasi, matunda yanajaa hadi yanamwagika. Si ugonjwa, alisema, wala si kosa la mtu, ni kuzaliwa. Na mtoto hurithi nusu kwa baba, nusu kwa mama.

"Mnaweza kumpima?"

"Kipimo hicho hapa hatuna. Familia yenu ndiyo kipimo chetu, na sasa imesema."

Amembadilishia Zita dawa leo leo, atachukuliwa damu tena baada ya muda kuona kama virusi vimepata nafasi. Kisha akasema kuna dawa mpya kwa watu wazima, nami nibadilishiwe. Nikamwomba aniache mpaka mwisho wa kahawa. Alinitazama. Nadhani alielewa ni kwa nini. Alisema, "Mwezi wa nane, basi. Usizidishe hapo."

Jumatano, 10 Julai

Zita amemeza mbele yangu. Akafungua mdomo, akainua ulimi, bila kuambiwa.

Ijumaa, 19 Julai

Amelala. Amelala mpaka jua likamkuta. Dada Tadea alitembea kwa ncha za vidole na kuwafukuza kuku mlangoni kwa minong'ono. Alipoamka aliomba ugali wa jana. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga magoti kwenye maganda ya kahawa, nikamshukuru Mungu, nikarudi na suruali imelowa.

Jumamosi, 20 Julai

Tukiwa kichanjani Zita aliniuliza kwa nini kikombe chetu cha maji bado ni kimoja na vidonge sasa ni tofauti. Nikamwambia changu bado ni kile cha zamani.

"Kwa hiyo watu wanakujia wewe?"

"Mama yako tu."

Mikono yake ikasimama juu ya kahawa. "Anasemaje?"

"Hasemi. Ananiangalia."

"Baba, kama wale wangu walikuwa kidonge, na huyo ni kidonge?"

Nilitafuta jibu la kumdanganya, sikulipata. Nikamwambia, nadhani ndiyo, mama. Akaendelea kuchambua. Baadaye akasema pole pole, "Basi usimwache akukalie. Utaanguka kwenye ngazi." Wiki iliyopita nilianguka kweli, asubuhi, na nilidhani hakuniona.

Jumatatu, 5 Agosti

Nimebadilishiwa dawa. Jana usiku nilimeza ile ya mwisho na nikalala upande wa ukutani ili apate nafasi. Alikuja. Nilimuaga. Aliniangalia tu.

Jumanne, 13 Agosti

Siku kadhaa sasa hakuna mtu. Kichwa chepesi, kazi nafanya ya watu wawili, na moyo mtupu. Nilidhani nitafurahi. Nimekaa ukingoni mwa kitanda mahali pake, nimelia mchana kweupe kama mtu aliyefiwa leo.

Jambo moja linanifariji: kama daktari alisema kweli, nusu ya zile ndoto za Zita zilitoka kwa Anjela. Hata huko alikuwa na mkono wake.

Jumamosi, 17 Agosti. Kihagara

Kahawa imekwenda na lori. Zita alilipungia mkono mpaka likapotea, kisha akasema, "Bila mtu."

Tumeshuka ziwani, mimi, yeye na saruji kidogo. Kaka Kilian alisema kweli kuhusu kaburi, ingawa si kwa sababu aliyoitaja. Tumelizungushia mawe na kulisakafia. Bibi Vitalia alituletea maji ya kuchanganyia, akasimama pembeni, na safari hii hakuinamisha uso.

Kazi ilipoisha Zita alikaa kando ya kaburi akaanza kumpa mama yake habari. Alianza na shule: nani amehama, nani amepata meno ya mbele. Akaja kwenye kahawa, akaja kwa Shangazi Tadea na nguruwe wake, akaja kwenye lori, akarudi shuleni kwa sababu alisahau jambo. Mikono inakwenda, kichwa kinakwenda. Nilitaka kumwambia apumzike kidogo, mahali hapa ni pa heshima.

Bibi Vitalia akasema, akiwa anatazama ziwa, "Mwache. Marehemu alikuwa hivyohivyo. Hata kwenye misa nilikuwa nambana mdomo kwa khanga."

Ndipo nilipofahamu. Miaka yote ile, aliyekuwa anakuja kukaa kitandani hakuwahi kutamka hata neno. Nami nilidhani ndivyo wafu walivyo. Anjela niliyemwoa mimi hangekaa ukingoni mwa kitanda changu dakika moja bila kunieleza habari za kijiji kizima. Sikumpoteza wiki ile niliyobadilishiwa dawa. Yule hakuwa yeye.

Nilibaki nimemtazama mtoto, sina ninachosikia kwa mawazo. Zita akanyamaza ghafla, akanigeukia, mkono kiunoni.

"Baba, hunisikilizi."

"Nakusikiliza, mama."

"Nimesema nini?"

Hakuna aliyemfundisha, mama yake alipofariki alikuwa na miaka sita. Nilijaribu kujibu, nikashindwa. Basi akapumua kwa nguvu, akakaa vizuri, akaanza upya toka mwanzo.